Raba za Doto Ukingoni mwa Bwawa

Nilipokuwa mtoto, pale mtaani kwetu Isevya, mwezi wa kumi niliupenda na kuuogopa kwa pamoja. Mvua bado, joto limetukaba, na Jumapili baada ya misa mtaa mzima unahamia bwawani nje ya mji. Wengine kuoga, wengine kufua, wengine kunywa bia na kufungulia muziki. Bibi, mama yake baba, alikuwa akisema mwenye bwawa naye husubiri joto hilohilo.

Huyo mwenye bwawa hakuna aliyewahi kumwona. Bibi alisema anakaa chini, kwenye visiki vya miti iliyozama bwawa lilipojengwa, na kazi yake ni kutazama viatu. Ukiacha kandambili zako ukingoni zimeelekea barabarani, anajua una kwenu na utarudi. Zikielekea majini, anadhani umekuja kukaa. Ukiingia peku bila kuacha kitu, basi huna kwenu, anakuchukua. Bibi alikuwa Mkatoliki wa rozari kila jioni, lakini kwa mambo ya bwawa hakumwachia padri kazi yote.

Basi tukifika tulizipanga kandambili zetu mstari mmoja, na Bibi akaketi nyuma yake na kibeseni cha karanga. Jambo moja lilikuwa linaniudhi. Sisi tunapiga mbizi, tunapiga kelele, "Bibi, nitazame!" yeye hata hageuki. Macho yake yako kwenye kandambili.

Mwaka ule alikuja Doto, mtoto wa shangazi, kutoka Dar. Alikuwa na raba nyeupe mpya na maneno mengi.

"Bibi, acha hizo. Mimi naogelea baharini, sembuse hiki kibwawa?"

"Weka viatu."

"Vitaibwa."

"Viibwe. Weka!"

Akaviweka kanuna, kisha akajitupa majini. Na kweli alijua kuogelea, siwezi kumnyima haki yake. Alitupita wote, akaenda kule kwenye visiki ambako tulikatazwa. Nilimwona akicheka huko, halafu nikaendelea na michezo yangu.

Alasiri upepo ukabadilika, maji yakawa meusi. Bibi akasimama, akapiga makofi. "Tokeni! Wote!" Tukatoka tukitetemeka, kila mtu akavaa kandambili zake. Pale kwenye mstari zikabaki raba nyeupe.

"Doto yuko wapi?"

"Atakuwa kaenda kununua soda," nikasema.

Bibi akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo siipendi. "Peku? Yule anayelia akikanyaga kokoto?"

Nilikuwa natazama zile raba, soksi zimekunjwa ndani yake vizuri.

Bibi alikimbia, mama mtu mzima yule, khanga ikimvuka. Hakukimbilia majini. Alikwenda kwa wale vijana wenye muziki, akalipiga teke spika lao likalala kifudifudi. Mmoja akaanza kutukana. "Nyamaza!" Bibi akapiga ukelele. "Nyamazeni nyote nisikie!"

Bwawa zima likanyamaza. Ndipo tukasikia, kutoka kwenye visiki, kisauti cha mtu aliyekwishachoka kuita.

Mvuvi mmoja akasukuma mtumbwi wake. Alimkuta Doto amekumbatia kisiki, maji yanamgonga midomoni, mguu umenaswa na wavu wa zamani ulioachwa humo. Alikuwa ameita muda mrefu, na muziki ulikuwa unamfunika. Alimleta amelegea, akatapika maji mbele ya raba zake. Bibi alimvalisha yeye mwenyewe, akafunga kamba taratibu, hakumgombeza hata kidogo.

Jioni, jikoni, nilimuuliza, "Bibi, mwenye bwawa alimwachia Doto kwa sababu aliona viatu?"

Akachochea moto kwanza.

"Ulikuwa na baba mkubwa," akasema. "Alikuwa mdogo kama wewe. Siku ya joto alikwenda bwawani peke yake, peku, hakuacha kitu ukingoni. Tukamtafuta stesheni. Tukamtafuta sokoni. Mimi nilipita palepale ukingoni, nikaona maji yametulia, nikaendelea na njia, namwita, kumbe yuko humo."

Akaniambia nikalete chumvi. Hatukulizungumza tena, na sasa ameshalala kaburini, Mungu amrehemu.

Leo nina watoto wangu, na joto likizidi nawapeleka bwawani. Sinywi pombe huko, siruhusu mtu avuke kwenda visikini, na wenye muziki nawaomba wapunguze hata wakininunia. Na habari za mwenye bwawa nawasimulia wanangu vilevile zilivyo, na kitisho chake chote. Mume wangu analalamika, eti najaza watoto ushirikina. Wazazi wengine wananicheka wakiniona nimeinama nageuza kandambili zielekee barabarani. Wacheke. Wao wanakaa wakitazama maji yalivyo mazuri, na mimi kule sitazami kabisa. Mpaka jozi ya mwisho ivaliwe na mwenyewe, hata soda hainipiti kooni.