Gari la Kigeni la Casimir Brodzik

Msinieleze mimi habari za Casimir Brodzik. Miaka kumi na tisa kiwandani yeye alifunga viti vya nyuma kutoka mlango wa kushoto, mimi nikafunga mikanda kutoka mlango wa kulia, na gari likipita katikati yetu kila dakika moja. Mtu ukimtazama hivyo miaka kumi na tisa unamjua mpaka siku ambayo hajalala vizuri. Na nisiyoyajua mimi, mkewe Loretta huniambia tukikutana kwa msusi.

Gari lenyewe lilikuwa Kensett, gari la familia, si kubwa si dogo. Watu watano wanakaa bila kugombana, na buti linameza mifuko minne ya hoki. Kila mwaka ilikuwa lazima wakubwa wa ofisini waongeze kitu. Mwaka huu viti vya kupasha makalio joto, mwaka ujao pa kuwekea vikombe. Mwishowe gari la watu watano likawa na nafasi za vikombe kumi na nne.

"Wamarekani tuna kiu sana, Bernadine," Casimir aliniambia siku moja, akihesabu kwa kidole.

Wateja nao walikuwa wakienda kununua magari yenye majina ya Kijapani, ambayo hayakuwa na vikombe vingi lakini yalikuwa yanawaka asubuhi ya Januari. Sisi tukabaki na vikombe vyetu.

Lakini sitamsema vibaya mtu kazini kwake. Nyuma ya kila kiti cha nyuma kuna vitanzi viwili vya chuma, vya kunasia kiti cha mtoto mchanga. Casimir hakuwahi kuachia kiti kipite bila kuvikagua. Vuta mara mbili, gonga mara moja. Msimamizi alimfokea kwamba anapoteza sekunde. Casimir akamjibu, "Atakayekaa hapo hajui kuhesabu sekunde," akaendelea.

Sasa nje ya kazi, alikuwa mtu wa kuchosha. Kwenye maegesho ya ukumbi wa chama chetu cha wafanyakazi kuna kibao: GARI LA KIGENI LIKIEGESHWA HAPA LITAVUTWA. Kibao kama hicho kiko mji mzima, lakini cha kwetu alikipaka rangi Casimir mwenyewe, na simu ya kuita gari la kuvuta alikuwa anapiga yeye. Aliwahi kulivuta hata gari nililokuja nalo mimi! Betri ya Kensett yangu ilikuwa imekufa kwa baridi, nikaazima gari la mpwa wangu, nikaingia ukumbini na sufuria ya kwanza ya supu ya kabichi. Kurudi kuchukua ya pili, gari hakuna.

"Sheria ni sheria, Bernadine," akasema.

"Sheria gani, we mzee? Supu yangu imo kwenye buti!"

Watu wakacheka, supu ikaenda. Sikumsemesha wiki nzima, na kwenye kazi yetu wiki ni magari elfu mbili.

Mimi nilipoteza sufuria tu. Janine ndiye aliyeumia. Ni binti yao wa pekee, muuguzi, na miaka sita iliyopita alinunua gari lenye jina la Kijapani. Casimir alisimama mlangoni akasema, "Hilo bati halikanyagi kwangu. Wala mbele ya nyumba silitaki." Basi msichana akawa anaegesha kanisani, mitaa miwili kutoka pale, anakuja kwa miguu. Mimi naishi ng'ambo ya barabara, nimemwona Krismasi tano akipita kwenye theluji na sahani ya mkate wa tangawizi mikononi. Baba yake anamfungulia mlango kwa furaha kabisa, anamwuliza mbona viatu vimelowa.

Januari Janine akajifungua mtoto wa kike, Nora. Akampigia mama yake simu. "Mama, mwambie Baba sitembei mitaa miwili kwenye barafu na kichanga kwa sababu ya bati. Ama naegesha nyumbani kama binti wa watu, ama siji."

Casimir alikuwa kwenye kiti chake, gazeti usoni. "Basi asije," akasema, kwa sauti ya kusikika kwenye simu.

Na hakuja. Mtoto yuko maili nne tu, babu hajamwona. Picha yake iko kwenye mlango wa jokofu, na Loretta anasema mzee alianza kwenda jikoni mara kumi kwa siku. Anafungua jokofu, anafunga, hatoi kitu.

Februari kampuni ikatuletea barua. Magari ya familia hayalipi, watu wanataka pikapu, kiwanda chetu kinafungwa. Kensett, ilisema barua, "litaendelea kuundwa katika viwanda vyetu vingine." Tulilia, sioni aibu kusema. Casimir peke yake alilishika lile neno kama kamba ya kuokolea.

"Vyetu," akasema. "Vyetu ni vyetu. Hawajaliua."

Siku ya mwisho ya kazi akachukua punguzo lake la mfanyakazi akaagiza Kensett jipya, toleo jipya, rangi ya buluu. Likafika Ijumaa ya Kwaresima, siku ya samaki ukumbini, naye akaja nalo moja kwa moja akaliegesha chini ya kibao chake. Tukatoka wote, midomo ina mafuta. Akafungua milango minne. Akaonyesha vitanzi vya kiti cha mtoto kwanza, vikombe baadaye.

Mimi nikazunguka mbele. Chini ya kioo, pembeni, kuna namba ya chesisi, na mji huu hata wasiojua kusoma wanajua kusoma hiyo. Ikianza na moja, ni la kwetu. Mbili ni Kanada, tatu ni Meksiko, na herufi J ni Japani yenyewe. Nikaifuta theluji kwa kiganja, nikasoma. Nikavaa miwani, nikasoma tena.

"Casimir, ndugu yangu, hebu niazime simu."

"Ya nini?"

"Niite gari la kuvuta."

Akaja, akainama. Tatu. Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko, mtu akadondosha sahani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Na mimi nilicheka kuliko wote, supu yangu nikaiona imelipwa. Kisha nikauona uso wake, na kicheko kikanikauka.

Ndipo Loretta, mwanamke asiyepaza sauti hata kwa mbwa, akasema, "La Janine linaanza na moja."

"Limeundwa Ohio," akaongeza.

"Ohio?" Casimir akashika paa la gari. Sisi wa Michigan tuna mambo yetu ya siku nyingi na majirani zetu wa Ohio, hatupikiki chungu kimoja. "Bora ungesema Japani! Umejua tangu lini?"

"Tangu siku aliyolinunua. Nilisoma namba."

"Na hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Wiki mbili Casimir hakuonekana ukumbini. Jumamosi kabla ya Pasaka akamwambia Loretta maneno manne tu: "Mwambie uwanja utakuwa mtupu."

Asubuhi ya Pasaka theluji ilikuwa imeanguka, na huku ni Aprili. Kutoka dirishani kwangu nilimwona akichota theluji kwa koleo kwenye uwanja wake wa kuegeshea mpaka saruji ikaonekana, akamwaga chumvi, akarudia. Kisha akaingia kwenye Kensett, akaondoka. Nilipandwa na hasira! Nikasema, mwoga huyu, amekimbia mjukuu wake.

Saa sita Janine akafika. Akasimama barabarani, injini inaunguruma, anautazama uwanja mtupu haamini. Na kule mwisho wa mtaa, kutoka upande wa kanisani, baba yake akaonekana anakuja kwa miguu, na viatu vyake vya Jumapili, suruali imelowa mpaka magotini. Nikafungua dirisha, baridi na iingie.

"Baba! Gari lako liko wapi?"

"Kanisani."

"Limeharibika?"

"Ni la kigeni. La kigeni halikanyagi kwangu." Akaonyesha uwanja kwa mkono. "Ingiza lako."

Janine akaliingiza, anacheka na kulia kwa pamoja. Casimir akafungua mlango wa nyuma. Hakumtazama mtoto kwanza. Alipitisha mkono nyuma ya kiti mpaka kwenye vitanzi. Vuta, vuta. Gonga.

"Nani kafunga hapa?"

"Nitajuaje, Baba? Mtu fulani wa Ohio."

"Kafunga vizuri," akasema.

Kisha akaketi hapo hapo kando ya Nora, miguu iko nje kwenye theluji, na Loretta akamwita mezani mara tatu bila yeye kuinuka.