Shemeji Alivyoninyang'anya Uwanja

Jamani, leo shemeji yangu kanivua nguo mbele ya Magu nzima!

Ngoma zetu mnazijua. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na lililovuta watu wengi ndilo mshindi.
Leo, sherehe za uhuru, kundi letu linategemea mazingaombwe yangu ya karata.

Sasa nawapa siri.
Shija, kaka wa mke wangu, husimama kati ya watu kama mgeni. Namwita: "Ndugu, tumewahi kuonana?"
"Hata siku moja!"
Anachomoa karata, anaificha. Mimi naropoka, "Ree ya kopa!"
Hata kama kashika nyingine, anapiga kelele, "Ndiyo yenyewe!"
Uwanja unalipuka.

Leo naita mgeni, Shija hayupo.
Mara nasikia vifijo upande wa wapinzani. Watu wangu wote mbio huko, vumbi tupu.
Nami nikafuata. (Ningebaki na nani?)

Namkuta Shija na karata zangu za akiba!
Akaninyooshea kidole. "Wewe mzee, tumewahi kuonana?"
Mzee! Mimi niliyemfundisha hata kuzichanganya!
"Hata siku moja," nikasema.
Nikachomoa. Tatu ya shupaza.
"Ree ya kopa!" akatangaza.

Uwanja mzima unanitazama mimi.
Ningemuumbua, nani angeamini karata zangu tena?
"Ndiyo yenyewe."
Wakambeba juu juu.

Nyie mngefanyaje?

Sasa hivi yuko kwangu. Dada yake kamchinjia jogoo wangu.
Firigisi kapewa yeye.