Nelius Aliimba Mazikoni

Watu wa Manyatta wanamjua Nelius kama mwalimu mkimya wa huko Ruiri, anayekuja nyumbani Krismasi na kuondoka kabla mifupa ya mbuzi haijakauka. Wengine wanasema ana maringo. Hao waniulize mimi, shangazi yake, kwa maana nilikuwepo na mkono wangu umo.

Alilelewa na mama yangu, Ciakuthii, kwa sababu kaka yangu alizaa akasahau. Mama alimfundisha kuimba wakichuma kahawa: mama anaanzisha, mtoto anaitikia, kikapu kinajaa. Alipofika darasa la nne, mchungaji alikuwa anamsimamisha juu ya benchi ili kanisa lote limwone. Sauti ile ilipopanda, hata wanaume waliolala wakati wa mahubiri waliamka wakijifanya walikuwa wanasali.

Mwaka wa 1998 akaenda chuo cha ualimu. Kwaya ya chuo hicho ilikuwa na jina kubwa, na ndani ya kwaya kulikuwa na kikundi kingine ambacho hakikuandikwa mahali popote. Walijiita Undugu. Huombi kuingia, unaitwa. Nelius aliitwa muhula wa pili. Walimweka katika chumba cha muziki, madirisha yamezibwa kwa mablanketi mchana kweupe, wakagonga kile chuma cha ncha mbili cha kutafutia sauti, wakamwambia akiume.

"Tata," akaniambia alipokuja likizo, maana ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, "kinalia ndani ya kichwa. Husikii kitu kingine."

Kikiwa bado kinalia, akaapa. Sauti yake ni ya Undugu mpaka amalize chuo. Haimbi kanisani, haimbi harusini, haimbi nyumbani.

"Na ukiimba?"

"Kuna msichana aliimba kwa harusi ya dada yake. Hayuko chuo tena."

"Walimfukuza?"

"Hapana. Alienda mwenyewe."

Nikacheka. Mimi niliishia darasa la saba, lakini upuzi ninaujua nikiuona. Nikamwambia watu wazima wanaouma vyuma wapelekwe kwa daktari wa meno. Nelius hakucheka.

Mwezi wa sita mwaka uliofuata mama akafa. Sasa kwetu siku hizi mtu hazikwi bila programu, ile karatasi yenye picha ya marehemu, saa ya kutoa mwili mochari, na nani atasema nini. Mimi ndiye nilikuwa katibu wa matayarisho. Chini ya historia ya marehemu nikaandika: *Wimbo: Nelius, mjukuu.* Sikumuuliza. Nani huuliza mjukuu kama atamwimbia nyanyake? Nikapeleka Embu, zikachapishwa nakala mia mbili.

Nelius alifika Alhamisi, akaisoma amesimama mlangoni.

"Tata, toa jina langu."

"Nitoe na nini? Na wembe, karatasi mia mbili?"

"Basi sema koo inaniuma."

"Umesalimia kijiji kizima kutoka barabarani, halafu koo?"

"Tata, nakuomba. Wanakuja."

"Waje! Wewe utamlilia nyanya yako ama utaogopa watoto wa watu?"

Wakaja siku ya mazishi, watano, na makoti ya chuo. Watu walifurahi sana, eti chuo kimetuma wajumbe. Wakapewa viti karibu na kaburi na chai ya maziwa matupu. Kiongozi wao aliitwa Mithika, kijana mrefu, mpole, mwenye heshima mpaka ikazidi. Alinisalimu kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama. Tumekuja kusimama na Nelius."

Akaomba programu. Akaisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kisha kikasimama. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kifua.

"Asante, mama. Tumeona."

Sikuipenda hiyo "tumeona." Lakini mwili ulikuwa umeshafika.

Jina likasomwa. Nelius akabaki kitini. Likasomwa tena. Mjukuu akifunga mdomo mbele ya kaburi, kwetu watu hawaulizi ni mgonjwa au la. Wanauliza alimfanyia nini marehemu. Nikamsikia jirani yetu Marcella nyuma yangu: "Kwani walikuwa wamekosana?"

Nelius akasimama. Aliwatazama wale watano, akatazama jeneza, akaanzisha wimbo wa kuchuma kahawa. Sote tukaitikia, hata wazee. Wale watano midomo haikutikisika. Mithika aliangalia saa yake, kama mtu anayeandika wakati kichwani. Baadaye walikula, tena walikula vizuri, wakashukuru kila mama jikoni.

Huko chuoni hakuna aliyemgusa. Walimsalimia, walimpa nafasi mezani, na kwenye mazoezi walimwitikia kama kawaida. "Labda wamesamehe," akaniandikia. Nikamjibu kwamba nilimwambia.

Mwezi wa saba mashindano ya muziki yakafanyika Embu. Nilivaa rinda jipya, nikaketi safu ya nne. Ulikuwa wimbo wa kienyeji, wa mtu mmoja kuanzisha na wengi kuitikia. Nelius alitoka mbele na sketi ya mkonge, njuga miguuni, akapandisha sauti mpaka ukumbi ukanyamaza.

Hakuna aliyeitikia.

Undugu walikuwa kumi na wawili tu, lakini ndio walioongoza kila sauti. Wao walifunga midomo, na wale wengine arobaini wakaogopa kufungua yao. Nelius akaanzisha tena. Ngoma ikakatika. Waamuzi wakainua kalamu. Mithika alikuwa nyuma, uso umetulia, anatazama mbele. Hapo ndipo nilielewa ni watu gani hawa. Walikubali chuo chao kishindwe mbele ya mkoa mzima ili wamfunze mtu mmoja.

Akaanzisha mara ya tatu, akinitazama mimi. Ule wimbo niliujua. Kila mwanamke wa Embu anaujua. Ningeitikia, hata peke yangu, hata wanitoe nje. Mdomo wangu haukufunguka.

Akashuka. Njuga zililia ngazi zote mpaka chini.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi akizifungua. Sikuwa nimesema neno Mithika alipopita, akasimama, akanipa mikono miwili.

"Mama! Habari za nyumbani?"

"Nzuri, asante," nikamjibu upesi, na nikainamisha kichwa kidogo.

Nelius aliinua macho, akanitazama, kisha akarudi kwa njuga zake. Hajaimba tena tangu siku hiyo, na mimi sijapata uso wa kumwomba.