Kukanyaga Waya

Mimi nilikanyaga waya kweli. Nalisema hili mapema kwa sababu wako watu Voi ambao mpaka leo wanadhani ni fumbo.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha. Nilikuwa karani kwenye ofisi ya shamba la mkonge, na nikitoka kazini starehe yangu haikuwa baa wala mpira. Chumba changu kilijaa redio zilizopasuliwa matumbo, bodi za televisheni, na kompyuta moja niliyoiunga kutokana na mbili zilizotupwa na ofisi. Nilijifunza kutengeneza kurasa za intaneti kabla sijaiona intaneti yenyewe. Nilikuwa na ukurasa mmoja wenye picha ya mlima Kasigau na maandishi ya kijani yanayowaka na kuzimika, na msomaji wake wa pekee, ukiniondoa mimi, alikuwa mchumba wangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Bura. Alisema yale maandishi yanamuumiza macho.

Siku niliyopata modemu ya mtumba nilianza kuvuta waya wa simu kutoka dirishani hadi mezani. Nilikuwa nimetoka kupiga deki, sakafu mbichi, miguu mitupu, na ekstensheni ya stima niliyoifunga kwa plasta imelala hapo chini. Nikaikanyaga. Ilinirusha hadi ukutani. Unyayo uliungua, kidonda kikaoza nikiwa wodini, halafu malaria nayo ikaja kunisalimia humo humo. Nilipotoka hospitali suruali zilikuwa zinanivuka.

Sasa, mlango wa pili kutoka kwangu aliishi mzee mwenye video. Video ni chumba cha mbele chenye mabenchi na televisheni, ambako watu walilipa waone filamu za karate. Juu ya paa alikuwa na spika ya honi iliyoelekezwa stendi na sokoni, ya kutangaza filamu. Mzee huyu hakunipenda. Nilikuwa nimesimamisha eriali ya vifuniko vya sufuria juu ya bomba refu, nikavuta waya hadi kila nyumba ya ploti yetu, na tangu hapo watu walikaa kwao wakatazama bure. Hakuwahi kunigombeza hata siku moja. Alinichekea tu. "Fundi wetu!" aliniita, meno yote nje.

Nilipokuwa nimelazwa, watu walimuuliza nimepotelea wapi.

"Kijana amekanyaga waya," akawajibu. Kisha akatikisa kichwa na kuangalia chini.

Miaka ile ukisema mtu amekanyaga waya, ulimaanisha ana ukimwi. Kila mtu alijua. Hakuna aliyefikiria waya wa stima. Na mimi nikarudi mtaani nimekonda, nachechemea, macho yameingia ndani. Lisemwalo lipo, wakasema. Mama aliyeniuzia mandazi akaanza kunifungia kwenye karatasi ili nisikanyage kibanda chake. Kikombe nilichonywea kazini kikawa changu peke yangu.

Kisha mjomba wa mchumba wangu akashuka kutoka Bura. Hakukaa. Aliweka mlangoni blanketi nililompelekea mama mkwe na sufuria zote, akasema, "Mwanangu, tumekurudishia vitu vyako." Mbangara, ile pombe ya miwa waliyoinywa wazee siku ya posa, hawakuirudisha.

Nilikwenda kwa mzee wa video.

"Mzee, umewaambia watu nini?"

"Nimewaambia umekanyaga waya." Akafungua macho kama mtoto aliyesingiziwa. "Kwani hukukanyaga?"

Haki ya Mungu, ningekuwa na nyundo mkononi siku ile ningefia jela. Hakuwa amesema uongo! Ningemshtaki kwa chifu niseme nini? Kwamba amesema kweli? Nikarudi chumbani, nikakaa kitandani, nikaapa kwamba huyu mtu atasema kwa kinywa chake, na Voi nzima itasikia. Watu walipoona nimetulia wakadhani yamepita. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Nilingoja. Kungoja nako kunataka ufundi. Na Mungu si Athumani, amplifaya yake iliyoendesha ile honi ikakufa, na huyu bwana asiye na haya akaniletea mimi niitengeneze, kwa kuwa nilikuwa sitozi. Niliitengeneza vizuri kabisa. Nikaongeza kitu kimoja tu. Spika na maikrofoni ni ndugu: spika ndogo ukiifunga upande wa kuingizia sauti, nayo inasikia. Nililigundua hilo nilipojitengenezea simu ya kuongea kutoka chumbani hadi jikoni. Basi nikaificha spika ndogo ndani ya lile boksi, nyuma ya wavu.

Nikampelekea Jumamosi mchana, soko limejaa watu wa mlimani. Nikaiweka kaunta, nikaiunga na waya wa honi, nikaiwasha mwenyewe, nikavuta stuli. Ndani watu wa karate walikuwa wanapigana kwa makelele mengi hata usingesikia cha nje.

"Mzee," nikasema, "mke nimeshamkosa. Sina kinyongo tena. Niambie tu, wewe mwenyewe unaamini mimi mgonjwa?"

Akaangalia huku na huku. Akacheka.

"Mgonjwa wapi! Nilikuja wodini, nesi akaniambia ni mguu na malaria."

"Sasa mbona ulisema vile?"

"Fundi, umepandisha vifuniko vya sufuria angani ukaniulia video yangu, ulitaka nikupigie makofi? Nilisema neno moja, watu wakajipikia wenyewe. Hao wa mlimani nao, wajinga! Waambie mbuzi ni fisi, watakimbia waache zizi wazi."

Nilinyanyuka, nikamshukuru, nikatoka nje. Stendi ilikuwa kimya. Makanga walikuwa wameacha kuita abiria, wote wanaitazama honi. Kisha mama mmoja muuza nyanya akatupa kikapu chini. "Sisi ndio wajinga?" Wakaingia kama siafu. Benchi la kwanza lilitokea mlangoni, la pili likapitia dirishani. Mzee alijifungia chooni mpaka askari walipokuja kumtoa. Ule utamu! Nilisimama kando na mguu wangu mbovu nikala kila kipande. Dawa ya moto ni moto.

Mjomba alirudi na aibu yake, akaomba lile blanketi. Na wiki hiyo mchumba wangu akashuka mwenyewe. Nikamsimulia yote, na ile sehemu ya choo nikairudia. Hakucheka.

"Mimi nilikwenda kupima," akasema.

Alikuwa amepanda basi hadi Mombasa, kusiko na mtu wa kwao. Wakamtoa damu, wakamwambia arudi siku nyingine kuchukua majibu. Akarudi Bura kungoja, bila kumwambia mtu. Mchana alifundisha watoto hesabu. Jioni alipanga moyoni nguo zake, hii apewe dada, hii apewe mama. Siku ya majibu alitapika ndani ya basi. Alikuwa mzima, kama mimi.

Nilikuwa nimedhani nimelipiza. Kumbe nililipiza yangu tu. Ya kwake ilikuwa haijalipwa hata chembe, na hakuna honi ambayo ingeilipa.

Tulioana. Mzee aliuza mabenchi yaliyobaki, akafungua duka la unga mtaa ule ule, akazeeka tukipishana bila salamu. Alipokufa, wazee walikuja kunikalisha chini: jirani huzikwa, makosa huzikwa naye. Mke wangu tayari alikuwa ameshachukua mwiko wake kwenda kupikia waombolezaji.

"Mimi nilishamsamehe," akaniambia mlangoni. "Mwaka ule ule."

"Basi nenda," nikamwambia.

Akaenda. Mtaa mzima ulikuwa umezima redio kwa heshima ya matanga. Mimi nikawasha yangu, nikaiweka dirishani, nikaipandisha sauti mpaka mwisho.