Kiatu Kilichoacha Kubana

Kuna Jumamosi moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na nitakusimulia kama ilivyokuwa, ingawa sehemu yangu ndani yake ni ya aibu. Nimekaa nayo miaka yote hii. Ningeweza kufa nayo, lakini umeniletea habari zilizonifanya niogope kunyamaza zaidi ya ninavyoogopa kusema.

Ijumaa ulipokuja kunisalimia uliniambia muuguzi amekupima akakuta sukari yako imepanda kidogo, akakushauri uanze mazoezi ya kukimbia. Ukanionyesha kwenye simu viatu vyekundu ambavyo rafiki yako wa kazini yuko tayari kukupa kwa kuwa yeye havimfai. Nikasema "vizuri" nikageuza mazungumzo, nikaulizia habari za mama yako. Najua ulidhani baba yako mkubwa amechoka. Sikuwa nimechoka.

Wewe unajua kwamba baba yako, ndugu yangu Bakari, alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Ndivyo tulivyokwambia, na si uongo. Tusichokwambia ni mahali ugonjwa ulipopata mlango. Uliingilia kwenye kiatu, na kiatu hicho nilimvisha mimi.

Wakati huo nilikuwa nikisafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani. Unanijua nilivyo. Shuka ikipinda kidole kimoja nitaivuta, na mto ukilala upande sitatoka chumbani. Hotelini tabia hiyo ilinipa sifa, na sifa zikanipa kiburi cha kudhani kwamba kitu kikipendeza machoni basi kiko sawa. Kulikuwa na Mjerumani mmoja wa makamo aliyekuwa akikimbia ufukweni kila asubuhi. Alinipenda kwa sababu nilikuwa nikimpangia viatu vyake mlangoni, kamba zikiwa zimelegezwa tayari. Siku ya kuondoka akaniachia seti nzima: viatu vya kukimbilia vya buluu, soksi za nailoni, na suti ya michezo ya mikono mirefu yenye zipu mpaka kooni. Akaniandikia na karatasi, maana bila karatasi ya mgeni askari wa langoni hakuachii utoke hata na leso. Nilitoka hotelini siku hiyo nimeinua kichwa kana kwamba nimepandishwa cheo.

Mguu wangu mimi ni mdogo, kwa hivyo fikra yangu ikaenda moja kwa moja kwa Bakari. Yeye alikuwa dereva wa trekta la kubebea miwa huko Ramisi. Kutwa yuko kitini, mchana soda mbili, tumbo likawa limemtangulia. Miezi michache kabla ya hapo alipimwa, akaambiwa ana sukari. Daktari alimwambia apunguze soda, aanze kutembea kwa haraka kisha mbio ndogo ndogo. Alimwambia pia aichunge miguu yake na kuitazama kila jioni. Hilo la miguu Bakari aliniambia kwa mdomo wake. Nilicheka, mwanangu. Nikamuuliza mtu mzima akitazama nyayo zake kila jioni anatafuta nini, dhahabu?

Basi Jumamosi hiyo nilikuwa na likizo, nikafika kwenu na mfuko wangu. Wewe ulikuwa mdogo, unakimbiza kuku uani. Bakari alikuwa ameshajiandaa kwa mbio zake mwenyewe bila kunisubiri. Amevaa fulana kuukuu ya pamba, kaptura pana iliyofika magotini, na raba zake za zamani. Raba hizo zilikuwa mbaya kutazama. Zilikuwa zimepanuka kama mikate, na ya kulia ilikuwa imetoboka penye kidole kidogo. Lakini miguu yake ilikaa humo kwa raha, na laiti ningekuwa na akili ningemwambia akimbie hivyo hivyo alivyo.

Badala yake nikamwambia aone haya. Nikatoa vya mgeni. Nikachomoa kijiti kwenye ufagio, nikapima urefu wa kiatu kwa ndani, nikamwekea kijiti hicho kwenye wayo. Urefu sawasawa! Ndivyo watu wa kwetu walivyokuwa wakifanya wanapomnunulia mtu kiatu naye hayupo. Ila Bakari alikuwepo, amekaa mbele yangu, na mguu wake mpana wa mtu aliyekulia peku nilikuwa nimeushika mkononi. Sikuutazama. Nilitazama kijiti.

Akavivaa kwa kusukuma. Akasimama, akapiga hatua mbili tatu.

"Vyanibana hapa ubavuni, kaka," akasema.

"Vitalegea," nikamjibu. "Kiatu kizuri hulegea kwa kuvaliwa. Wewe umezoea ndara, ndiyo maana."

"Na hii suti je? Mbona yachemsha?"

"Sasa wataka kukimbia barabarani miguu nje, baba mzima wewe?"

Tukacheka sote wawili. Nikamfungia zipu mpaka juu, nikainama nikamkaza kamba mwenyewe, fundo zuri la hotelini lisilofunguka. Alipotoka barabarani, kina mama waliokuwa bombani wakamwita, "Bakari, wafukuzwa na nani?" Naye akawapungia mkono, anang'aa kama mgeni wa Diani. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Kisha nikaziokota zile raba zake, nikazitupa kwenye shimo la takataka, nikazitia moto pamoja na majani makavu ili asije akazirudia.

Safari yangu ya pili kwenu nilimkuta analalamika. Nailoni imemchubua kati ya mapaja, na jasho lilikuwa likimzidi mpaka kizunguzungu. Ubavu wa mguu bado uliuma. Nikampa poda ya hotelini na maneno mengi. Nikamwambia wanaokimbia kweli wote huumia mwanzoni, na kwamba maumivu ni dalili ya mwili kukubali kazi. Niliyatoa wapi maneno hayo sijui, maana mimi mwenyewe sijawahi kukimbia hata kukimbilia tuktuk.

Safari ya tatu alinipokea anatabasamu. "Havibani tena," akasema.

"Nilikwambia!" nikapiga kelele. "Nilikwambia vitalegea!"

Hapo ndipo ningekuomba usimame nami kidogo, mwanangu. Kiatu hakikuwa kimelegea. Mguu ndio uliokuwa umenyamaza. Ugonjwa wa sukari huua hisia za nyayo taratibu, na mtu hana habari. Kidonda kilikuwa kimeshafunguka ubavuni, chini ya kidole kidogo, naye akawa anakimbia nacho kila siku ndani ya soksi ya nailoni iliyolowa jasho, hahisi kitu. Jioni anavua kiatu, soksi anabaki nayo hadi anapozima taa, kwa sababu nilimwambia wageni hawatembei peku ndani ya nyumba. Mambo ya kipuuzi kama hayo nilimfundisha.

Aliyegundua ni mama yako, kwa harufu. Alidhani panya amefia ndani. Alitoa vyombo vyote nje, akainua godoro, akapiga deki, na harufu ikabaki pale pale. Bakari mwenyewe alimsaidia kumtafuta panya huyo, akiinama chini ya kitanda na soksi zake miguuni. Walipokosa, mama yako akamkalisha, akamvua soksi. Haikutoka yote. Sehemu nyingine ilikuwa imeshikana na nyama.

Nilipigiwa simu nikaja, na nilipofika nilimkuta mjomba wetu Salimu ameshawasili kutoka Majoreni. Mjomba alikuwa akishona akala, zile ndara za mpira wa tairi, na katika ukoo wetu hakuna aliyethubutu kuzungumza kabla yake.

"Shikamoo, mjomba," nikasema mlangoni.

"Marahaba. Ingia. Leta mkono wako."

Akauchukua mkono wangu akauingiza ndani ya kile kiatu cha buluu mpaka kwenye vidole. Kulikuwa na unyevu humo, na upande mmoja mshono ulikuwa mgumu kama ukingo wa bati. Nilitaka kuutoa mkono, akanizuia.

"Wahisi nini?"

"Pamebana, mjomba."

"Mimi mtu akitaka akala, humsimamisha mwenyewe juu ya mpira, uzito wake wote, nikamzungushia chaki. Kisha namwambia atembee, nami namtazama usoni, simtazami miguuni. Wewe ulipompa nduguyo hivi viatu ulimtazama wapi?"

Nilikikumbuka kile kijiti cha ufagio.

"Alikwambia vinambana?"

"Alinambia."

"Basi," akasema mjomba, akauachia mkono wangu. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Tulimpeleka hospitali ya Msambweni siku hiyo hiyo. Madaktari walijitahidi, sina neno nao. Walianza na kidole, kisha wakakata nusu ya wayo, kisha chini ya goti. Kila mara tuliambiwa huenda imetosha, na kila mara sumu ilikuwa imeshapanda juu zaidi. Nilikuwa nikienda kila nipatapo ruhusa kazini, nikimnyoosha shuka za kitanda chake kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Siku moja nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini aliendelea kuvivaa wiki zile za mwanzo, kabla ganzi haijaingia, hali vilikuwa vikimuumiza.

Akasema, "Ulikuwa umefurahi sana, kaka. Nilichelea kukuvunja moyo."

Alifariki siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani. Mjomba ndiye aliyesimamia mazishi. Wewe ulibebwa begani na jirani, ukawa unauliza baba amelala wapi. Watu walinipa mkono wakisema kazi ya Mungu haina makosa. Nami naamini hivyo. Lakini makosa yangu ni yangu, na siwezi kumbebesha Mwenyezi Mungu.

Basi nisikilize. Kukimbia ni kuzuri na ninataka ukimbie. Daktari hakukosea alipomwambia baba yako akimbie, na muuguzi wako hajakosea. Lakini vile viatu vyekundu mrudishie rafiki yako kwa shukrani na maneno matamu. Mwambie baba mkubwa ni mzee mkorofi, nipake matope utakavyo. Kiatu cha kukimbilia utakwenda kukijaribu mwenyewe kwa miguu yako, na uende jioni, maana mguu wa jioni umevimba na ndio mguu utakaokimbia nao. Vaa soksi zile zile utakazozitumia. Simama wima, usikae, na uhakikishe mbele ya kidole kirefu pamebaki upana wa dole gumba, na ubavuni vidole vinacheza. Tembea dukani mpaka muuzaji akuchoke. Akikwambia kitalegea, vua uondoke. Hakuna kiatu kinacholegea, mwanangu, mguu ndio unaonyamaza.

Rangi usiiulize kwanza. Ikiwa kile kibaya ndicho kinachokukaa, chukua kibaya.

Nguo na iwe nyepesi na ya kupwaya, inayopitisha upepo na isiyokaa na jasho. Stara hailazimishi nailoni nzito. Suruali pana na fulana ndefu vinakusitiri vizuri tu, na mtandio mwepesi usioubana kwa pini shingoni. Kabla hujanunua, pitisha kidole kwenye mishono yote ya ndani, ya kwapani na ya mapajani. Mambo ya nguo za ndani kamuulize shangazi yako, mimi usinitie katika hayo, ila najua nazo zikikata begani zinakata kwa kila hatua. Anza na ulichonacho kama kinakustarehesha. Baba yako alikuwa na fulana ya pamba na raba pana, na hakuhitaji kingine chochote kutoka kwangu.

Ukirudi, vua soksi hapo hapo. Ingiza mkono ndani ya kila kiatu. Kaa chini uitazame miguu yako, juu na chini na katikati ya vidole, na kioo kidogo kikusaidie pasipoonekana. Ukiona wekundu, usikimbie kesho yake. Na siku ambayo mahali palipokuwa pakiuma pataacha kuuma ghafla, usishangilie kama nilivyoshangilia mimi. Nenda kwa daktari, na unipigie simu njiani.

La mwisho ni hili. Ninajijua, sijapona tabia yangu. Iko siku nitakuja kwenu nimechangamka, nimeona kitu kizuri dukani, nimekununulia, nakitoa mfukoni kwa tambo. Ukikivaa kikakubana, usinionee haya. Usinitazame nilivyofurahi. Niambie usoni, "Baba, chanibana," unirudishie mkononi na univunje moyo papo hapo, mbele ya watu kama wapo.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako, akulinde wewe, akuzidishie pumzi na siku. Na akuachie, mwanangu, mpaka uzeeni, miguu inayohisi maumivu. Amina.