Mchanga wa Kiti cha Nyuma

Tuliijenga ndege moja miaka tisa, na mtu akiniuliza ilikuwaje, namwambia wacha tu. Nimechoka kuisimulia. Ilikuwa ndege ya kufundishia marubani wa jeshi, ya kwanza ya aina yake, injini ya tabo, jamaa ya jeti, na propela puani, viti viwili: mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma yake. Sisi tulikuwa mafundi sita wastaafu kwenye karakana ya mabati, kando ya uwanja mdogo wa ndege huko chini Makueni. Jeshi likiikubali, tungeunda nyingine. Likiikataa, kila mtu arudi kwake kuangalia mbuzi.

Kazi yangu ilikuwa mizani. Ndege kama hiyo ikilemea mbele, pua haiinuki wakati wa kutua. Rubani wa majaribio huruka peke yake, kwa hivyo kwenye kiti cha mwalimu tulifunga magunia ya mchanga badala ya mtu. Mchanga tuliuchimba mtoni, mto mkavu, hapo karibu. Nikaupima asubuhi hiyo hiyo, nikaandika, nikatia sahihi.

Halafu propela ikakwama bandarini wiki tano. Magunia yakabaki kwenye kiti chini ya kioo, jua la Ukambani likiyachoma kutwa. Hakuna aliyeyapima tena. Na mimi nimekulia Mwingi, mama alinilea kwa maji ya kufukua kwenye mchanga kama huo huo. Kama kuna mtu alipaswa kujua mchanga wa mto umebeba maji, ni mimi. Ulikuwa ujinga wangu, simsingizii mtu.

Siku wakaguzi wa jeshi walipokuja, rubani wetu, mama mmoja mtu mzima aliyefundisha wengi kuruka, aliipeleka juu vizuri sana. Kutua ndiko kulikoharibika. Pua iligoma, gurudumu la mbele likapiga murram ya uwanja na kuvunjika. Alishuka mwenyewe.

"Fundi, nimevuta usukani mpaka mwisho," akaniambia. "Haikuja."

Wengine walipoenda kula, nikapima magunia. Yalikuwa yamepungua kilo kumi na tatu: maji yalikauka, nyuma pakawa pepesi.

Wakaguzi wakasema kosa ni la mama, umri umemshinda, anyang'anywe leseni. Ndege haina neno, karibu wataipitisha. Siku ya nne nikawapelekea daftari langu, lenye vipimo vyote viwili. Mama akabaki na leseni yake. Ndege ikakataliwa: karakana isiyojua kupima, walisema, haiwezi kukabidhiwa watoto wa watu.

Juzi nilikutana na fundi wetu wa injini sokoni Kikima, mzee tuliyekula naye muthokoi sahani moja miaka yote hiyo. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Ndugu yangu," akasema, "ungengoja kidogo tu watie sahihi, ungepungukiwa na nini?"

Niliona haya kumwambia kwamba hizo siku nne, nilikuwa naingoja sahihi hiyo hiyo.