Buti Zilizogeuzwa

Mwanangu anang'arisha buti zake hapa kibarazani kwetu Sofu, na harufu ya dawa ya viatu inanichefua.

Niliinusa mara ya kwanza utotoni, kijijini Mzenga, siku ya arobaini ya mjomba aliyekufa vitani. Mkubwa wake wa jeshini alikuja, akavua buti pembeni ya mkeka, karibu kabisa na pua yangu pale nilipolala.

"Shikamoo, mama," akamwambia bibi yangu, mama wa marehemu.

Bibi hakuitikia.

Yule mkubwa akaketi, akaeleza kwamba mjomba hakufa bure. Walikiteka kilima kizima, adui akakimbia.

"Hapo kilimani mnalima nini?" bibi akauliza.

"Hatulimi, mama. Tulishaondoka, tukasonga mbele."

"Sasa hapo yuko nani?"

Yule mtu akatazama vidole vyake vya miguu. "Hakuna mtu."

Sinia la pilau lilikuwa limeshawekwa mbele yake. Bibi akaliondoa. Kisha akaziendea zile buti, akazigeuza zikaelekea barabarani.

"Hayo kawaambie wasiozaa," akasema.

Kwetu hata mwizi hanyimwi chakula cha msiba. Nilimwona bibi ana roho mbaya.

Sasa mwanangu amemaliza, ameingia kuoga. Keshokutwa anapelekwa kwenye mapigano, na asubuhi yote ananiambia kwamba hata akifa, hatakuwa amekufa bure.

"Mama! Buti zangu umeziona?"

"Sijaziona," ninajibu, huku ninaufunga ufunguo wa sanduku langu kwenye pindo la khanga.